Mgongo unauma, presha haishuki: je, maumivu ya muda mrefu yanaumiza moyo?

SWALI

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 49, mwalimu wa sekondari. Mgongo unaniuma tangu nilipojifungua mtoto wa mwisho, na mtoto huyo sasa ananipita urefu. Ulianzia kiunoni, ukashuka hadi paja la kulia, na mwaka huu shingo na mabega navyo vimeanza. Nimepigwa picha, nikaambiwa pingili zimechakaa kidogo kama za watu wengi wa umri wangu, hakuna cha kupasua. Nikarudi nyumbani na maumivu yangu.

Kinachonisaidia ni diklofenaki. Nameza kidonge kimoja asubuhi kabla ya kwenda kazini, kingine usiku, na siku nikisimama sana darasani naongeza cha tatu mchana. Siku nyingi zimepita tangu niandikiwe na daktari, siku hizi naingia famasi nanunua. Karatasi moja ya vidonge hukaa kwenye mkoba, nyingine kwenye droo ya meza yangu shuleni. Nisipomeza siwezi kuinama kufunga viatu.

Miezi michache iliyopita nilikwenda kupima macho. Nesi akanipima presha, akakuta 158/96. Nikarudishwa mara nyingine, ikawa vilevile. Nikaanzishiwa losatani, na iliposhuka kidogo tu wakaniongezea dawa ya maji, ile ya kukojosha. Bado inachezea 150. Kila nikienda kliniki naulizwa kama nameza dawa na kama nimepunguza chumvi. Nameza, na chumvi nimepunguza. Mara ya mwisho daktari alinitazama kama mtu anayemdanganya. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mgongo, na mimi sikusema, maana nilidhani hayo ni mambo ya kliniki nyingine.

Sasa nimesikia redioni kwamba maumivu ya muda mrefu yanaweza kuleta ugonjwa wa moyo. Tangu siku hiyo silali. Baba yangu alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 61. Usiku nikilalia ubavu wa kushoto nasikia kitu kinachoma kifuani kama sindano, na nikibonyeza pale panauma. Naanza kuhesabu mapigo. Dada yangu anasema nimezidisha hofu, eti maumivu hayajawahi kumuua mtu, na kwamba niachane na dawa zote za hospitali nitumie vidonge vya mitishamba alivyoletewa na rafiki yake, maana yeye vilimwondolea maumivu ya magoti kwa siku mbili.

Naomba unieleze. Ni kweli maumivu yanaumiza moyo? Hizi dawa za maumivu nazo zina ubaya? Nikiziacha nitaishije? Na kutembea je? Kliniki wanasema nitembee nusu saa kila siku. Siku niliyojaribu, kesho yake nilishindwa kutoka kitandani. Mume wangu ni mvumilivu, lakini naona hata yeye amechoka kuniuliza "leo vipi".

Mwalimu mwenye mgongo

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na kifua, maana ndicho kinachokunyima usingizi. Maumivu uliyoeleza, ya kuchoma mahali pamoja, yanayokuja ukilala kwa namna fulani na kuuma ukibonyeza, mara nyingi hutoka kwenye misuli ya kifua au kwenye gegedu zinazounganisha mbavu na mfupa wa kidari. Wenye shingo na mabega yaliyokaza huyapata sana. Moyo unaokosa damu kwa kawaida huleta mgandamizo au uzito katikati ya kifua, ambao unaweza kupanda shingoni na kwenye taya, kushuka mkononi, au kwenda mgongoni na juu ya tumbo. Mara nyingi huja ukipanda ngazi au ukiharakisha, ukatulia ukipumzika. Mgandamizo huo ukidumu zaidi ya dakika chache, ukaambatana na kijasho chembamba, kichefuchefu au kuishiwa pumzi, hapo hakuna kusubiri asubuhi: ni kukimbilia hospitali. Kwa wanawake kuishiwa pumzi, kichefuchefu na uchovu usio wa kawaida huambatana na mshtuko wa moyo mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume.

Ninachokihofia kwa watu wenye maumivu ya kila siku ni kwamba wamezoea kuumwa, basi kila jipya wanalitia kwenye fungu la mgongo. Wewe mgongo wako unaujua. Ukisikia uchungu usioujua, uchukulie kama kitu kipya. Na hata kama hili la kifuani linaonekana kuwa la misuli, litaje kliniki na uombe kipimo cha umeme wa moyo, kwa sababu una presha na hukuwahi kutaja kifua kwa mtu yeyote. Kuhusu baba, pole. Madaktari huona historia ya familia kuwa nzito zaidi pale baba au kaka anapopata ugonjwa wa moyo au kiharusi kabla ya miaka 55, na mama au dada kabla ya 65. Miaka 61 ya baba yako tunaihesabu, ila si hukumu juu yako.

Sasa dawa, na hapa nakuomba usome taratibu. Katika barua yako nimeona vitu vitatu vilivyoandikwa mbalimbali: diklofenaki hadi mara tatu kwa siku, losatani, na dawa ya maji. Vyote vitatu vinakutana mwilini mwako kila siku, na wanaokutibu wanajua viwili tu.

Diklofenaki iko kundi moja na ibuprofeni, naprokseni na meloksikamu. Hutuliza kwa kuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea uvimbe na uchungu. Lakini prostaglandini zina kazi nyingine pia. Kwenye figo zinaweka wazi mishipa midogo inayoleta damu ya kuchujwa, na zinasaidia chumvi itoke na mkojo. Ukizizuia, chumvi na maji vinabaki mwilini, presha inapanda, na dawa kama losatani na dawa ya maji zinapoteza sehemu ya nguvu zake. Wewe unapunguza chumvi kwenye chakula, na kidonge cha mkobani kinaizuia ile iliyobaki isitoke. Yawezekana kabisa, mdogo wangu, kwamba hukuwa unamdanganya daktari wala dawa zake hazikuwa dhaifu. Kilichokosekana ni swali moja ambalo halikuulizwa na jibu moja ambalo hukulitoa.

Figo nazo zina hoja yao. Losatani hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio la figo, dawa ya maji hupunguza maji kwenye mzunguko wa damu, na diklofenaki hubana mshipa unaoiingiza. Moja moja figo huvumilia. Zikikutana zote tatu, hasa siku umeharisha, umetapika au umekaukiwa maji, figo zinaweza kushindwa kazi ghafla. Madaktari na wafamasia wanaufahamu mchanganyiko huu vizuri na huuogopa, ila hawawezi kuuogopa wasipojua upo.

Halafu moyo wenyewe. Baadhi ya prostaglandini hukaa kwenye kuta za mishipa ya damu zikiizuia damu isigande ovyo. Ukizizuia, damu inaelekea zaidi kuganda. Hili lilijulikana kwa gharama kubwa. Septemba 2004 kampuni ya Merck iliiondoa sokoni dawa yake ya maumivu, Vioxx, baada ya jaribio la kitabibu kuonyesha kwamba inaongeza mishtuko ya moyo na viharusi. Wengi walidhani tatizo limeondoka na Vioxx. Mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya likasema kwamba diklofenaki, hasa kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu, ina hatari inayofanana na ya kundi la Vioxx. Kwamba asipewe mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi, na kwamba mwenye presha, kisukari, kolesteroli nyingi au anayevuta sigara asipewe mpaka afikiriwe kwa makini. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaongeza ukali wa onyo lake kwa kundi hili zima isipokuwa aspirini: hatari inaweza kuanza ndani ya wiki za mwanzo, na huongezeka kadiri dozi na muda vinavyoongezeka.

Sikuandikii haya ujione umejitilia sumu. Mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, akimeza siku chache kwa jino au kifundo kilichoteguka, hatari yake ni ndogo sana. Wewe umemeza kwa miaka, una presha, na kama vidonge vyako ni vya miligramu 50, basi siku za vidonge vitatu unafika kikomo cha juu cha dozi ya siku nzima. Kwa hiyo nasema wazi: diklofenaki ya kumeza iache, na uende kliniki wiki hii, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Kuiacha ghafla hakuna madhara mengine zaidi ya maumivu kurudi, na najua hilo peke yake si dogo. Losatani na dawa ya maji endelea nazo mpaka daktari aseme vingine. Na usishangae presha ikianza kushuka zaidi kuliko ulivyozoea. Ukisikia kizunguzungu unaposimama, pima na uwaambie.

Tafadhali usitoke diklofenaki ukaingia ibuprofeni ya dukani ukadhani umehama. Ni ukoo uleule.

Utaishije? Parasetamoli inaweza kukupitisha siku ngumu, mradi usizidishe gramu 4 kwa saa 24 na uhesabu pia ile iliyofichwa ndani ya dawa za mafua. Nisingependa iwe mkate wa kila siku. Utafiti uliofanyika Edinburgh na kuchapishwa mwaka 2022 uliwapa watu wenye presha gramu 4 kila siku kwa wiki mbili, na namba ya juu ya presha ikapanda kwa karibu 5. Tena kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu haina nguvu kubwa. Ile ya kuyeyusha kwenye maji usiitumie kabisa kwa mazoea, kwa sababu ina sodiamu nyingi. Jeli ya diklofenaki ya kupaka huingia kwenye damu kidogo sana ukilinganisha na kidonge. Husaidia zaidi viungo vilivyo karibu na ngozi kama magoti na vidole kuliko mgongo, lakini kwa shingo muulize daktari kama inafaa kujaribu. Huenda akakutajia dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu, kwa sababu ya huo uchungu unaoshuka pajani. Amitriptilini inaweza kugusa mapigo ya moyo, pregabalini huweza kuvimbisha miguu, tramadoli na jamii yake huleta utegemezi. Hilo lisikufanye uzikatae. Anayekuandikia akijua moyo wako na presha yako, atachagua vizuri.

Umeuliza kama maumivu yenyewe, mbali na dawa, yanaumiza moyo. Redio haikukudanganya. Maumivu yanayodumu au kurudirudi kwa zaidi ya miezi 3 huitwa maumivu sugu, na wanaoishi nayo hupata presha na magonjwa ya moyo kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2025 jarida la Hypertension lilichapisha uchambuzi wa watu zaidi ya 200,000 nchini Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Waliokuwa na maumivu sugu mwili mzima walipata presha kwa kiwango cha juu kwa takriban asilimia 75 kuliko wasio na maumivu. Wenye maumivu sugu mahali pamoja, kama asilimia 20. Kadiri maumivu yalivyoenea, ndivyo hatari ilivyoongezeka. Utafiti wa aina hii huonyesha kwamba mambo mawili yanatembea pamoja. Hauthibitishi kwamba moja limelizaa jingine. Ila mwili unatupa sababu za kuuamini.

Ukichomwa na mwiba, ubongo huamsha mfumo wa hatari: adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio, mishipa inabana, presha inapanda. Mwiba ukitoka, kila kitu kinarudi mahali pake. Mwili una hata breki yake: kwenye mishipa mikubwa ya shingo kuna vihisio vinavyotambua presha imepanda, na vikishatambua hutuma ujumbe wa kutuliza moyo na pia kupunguza makali ya maumivu. Kwa mtu mwenye maumivu ya miaka, breki hii hulegea. Maumivu yanaendelea, mfumo wa hatari haulali, na kupanda kwa presha hakupunguzi tena uchungu kama zamani. Kotisoli, homoni ya msongo, nayo inavuruga sukari na usingizi. Juu ya hapo weka mambo ambayo mtu mwenye maumivu hayachagui: anatembea kidogo, analala vipande vipande, uzito unaongezeka, wengine wanashika sigara, na moyo, huu wa hisia, unazama. Katika uchambuzi ule wa Uingereza, msongo wa mawazo wa kiwango cha ugonjwa ulibeba sehemu ya uhusiano kati ya maumivu na presha. Nimeguswa na hilo, kwa sababu ndiyo sehemu inayotibika na ndiyo ambayo wagonjwa wangu huificha zaidi hata kuliko vidonge vya mkobani.

Kuna jambo moja la kuliangalia kwako. Umesema shingo na mabega vimeanza mwaka huu. Je, asubuhi unaamka umekakamaa kwa zaidi ya nusu saa? Vidole au vifundo vinavimba? Kama ndiyo, sema, wapime kama kuna ugonjwa wa baridi yabisi. Katika ugonjwa ule uvimbe wa viungo hugusa na mishipa ya damu, kiasi kwamba wataalamu wa Ulaya hushauri hatari ya moyo iliyokokotolewa izidishwe kwa 1.5. Kwa mgongo wa kuchakaa hatuna hesabu ya namna hiyo.

Dada yako umwambie kwa upendo: dawa inayomaliza maumivu ya magoti ya miaka kwa siku mbili inatia shaka. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekamata mara kwa mara vidonge vya "asili" vya viungo vilivyotiwa kwa siri steroidi, yaani dawa kali za homoni za kuzuia uvimbe, au hiyohiyo diklofenaki. Steroidi hupandisha presha na sukari, na mtu aliyezitumia kwa muda mrefu akiziacha ghafla anaweza kuanguka vibaya, kwa hiyo na yeye avipeleke kwa daktari pamoja na kikopo chake. Wewe usivionje.

Sasa kutembea, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo wengi wanakata tamaa. Ulipewa agizo sahihi kwa njia isiyokufaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, hata kwa wenye magonjwa sugu. Katika mwongozo huohuo liliondoa sharti la zamani kwamba kila kipande kifike dakika 10 ndipo kihesabike. Nusu saa kwa mkupuo mmoja si amri. Kilichokutokea ni hiki: mwili uliokaa miaka bila kutembea ulipewa nusu saa kwa siku moja, ukagoma. Ukapumzika, ukazidi kudhoofika, na safari nyingine ungegoma mapema zaidi.

Fanya hivi. Chagua siku ya kawaida, tembea mpaka uhisi maumivu yanaanza kupanda, tazama saa. Tuseme ni dakika 8. Kipimo chako cha kuanzia kiwe dakika 4 au 5, na hicho ndicho utakachofanya mara tatu kwa siku, siku nzuri na siku mbaya. Siku nzuri ndiyo yenye mtego. Utajisikia umepona, utataka kufidia, na kesho yake kitanda. Shikilia kipimo chako. Wiki ikipita bila kulipuka, ongeza dakika moja. Shuleni kipindi kikiisha, nenda hadi mwisho wa korido na urudi kabla ya kuketi na madaftari. Hizo ni dakika zako mbili. Ukisahihisha, weka saa ikukumbushe kusimama. Ukiinua kitu au ukifanya zoezi la kukaza misuli, pumua, usizuie pumzi, kwa sababu kuzuia pumzi hurusha presha juu. Na ujue kwamba maumivu kuongezeka kidogo wakati wa mwendo, yakatulia ndani ya saa chache, hayamaanishi kitu kimevunjika ndani. Pingili zako zimepigwa picha.

Omba rufaa ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno, na lilichotanguliza ni elimu kwa mgonjwa, mazoezi na tiba ya kisaikolojia. Mikanda ya kiuno, mashine za kuvuta mgongo na dawa za jamii ya afyuni halikuzipendekeza kuwa tiba ya kawaida. Tiba ya kisaikolojia isikutishe. Hakuna anayesema maumivu yako ni ya kubuni. Ni kujifunza namna ya kuutuliza ule mfumo wa hatari usiolala, na ni tiba ileile itakayokusaidia kuacha kuhesabu mapigo usiku. Lakini miguu ikipoteza nguvu, ukipata ganzi sehemu za siri, ukishindwa kuzuia haja, au maumivu yakija na homa au kukonda, hayo ni ya haraka, si ya kungoja fiziotherapia.

Mume wako huenda amechoka na swali, hajakuchoka wewe. "Leo vipi" halina jibu likiulizwa kila jioni. Mpe kazi badala yake: atembee nawe zile dakika 5 za jioni, na awe shahidi wako wa kupima presha.

Presha upime hivi. Kaa dakika 5 umetulia, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kitupu, mdomo kimya. Usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa kabla. Pima mara mbili kwa kupisha dakika moja, asubuhi na jioni kwa wiki moja, na pembeni ya kila namba andika maumivu yako kutoka 0 hadi 10. Maumivu makali hupandisha namba saa ileile, na daktari asiyejua hilo anaweza kukuongezea dawa ambayo huihitaji. Kama nyumbani hakuna mashine, mwombe nesi wa kliniki akupime mara kadhaa ukiwa umetulia.

Siku ya kwenda, beba vidonge vyote kwenye mfuko mmoja, na ile karatasi ya kwenye droo ya shuleni usiisahau. Kabla hawajakuuliza habari za chumvi, sema: "Nimekuwa nikimeza diklofenaki kila siku kwa miaka, pamoja na losatani na dawa ya maji. Nimeiacha. Naomba nipimwe kreatinini na potasiamu kuona hali ya figo, pia sukari na kolesteroli, na kipimo cha umeme wa moyo. Na naomba tupange namna ya kutibu mgongo bila kuharibu presha." Wakikuambia mgongo ni wa kliniki nyingine, waombe waandike kwenye kadi yako kwamba dawa za kundi la diklofenaki hazikufai, ili hiyo kliniki nyingine iisome. Ukipata majibu ya figo niandikie tena, tuone tuanzie wapi na hilo paja.